Bahari na Nchi Isiyo na Pwani

Juba haina pwani. Askari aliye lindoni kando ya Mto Nile hutazama maji yakipita usiku na mchana, lakini meli za baharini hazioni, wala mlio wa mawimbi hausikii. Kutoka mji huu hadi Mombasa, bandari ambayo sehemu kubwa ya mizigo ya Sudan Kusini hupitia, ni mwendo wa barabara wa kilomita zipatazo 1,700. Si ajabu basi kwamba taarifa ya habari inapotangaza kuwa mataifa yamekutana kuzungumzia bahari, kama yalivyokutana New York mwaka 2017, Lisbon mwaka 2022, na Nice nchini Ufaransa mwezi Juni mwaka 2025, wengi hudhani kuwa mazungumzo hayo yanawahusu wavuvi wa Lamu na mabaharia wa Unguja, wala si polisi wa Juba au mwanajeshi wa Bor.

Dhana hiyo si sahihi, na kuna hasara kuendelea kuishika. Bahari huingia Sudan Kusini kila mwaka kwa njia tatu: huingia ikiwa mvua, huingia ikiwa bidhaa, na huingia ikiwa fedha. Njia hizo tatu zinapokwenda kombo, watu wa kwanza kuitwa ni watu wenye sare.

Yafaa kukumbuka kwamba hata majina ya nchi hii yamebeba neno hilo. Mto unaopita Juba huitwa Bahr el Jebel, na eneo zima la magharibi linaitwa Bahr el Ghazal. Neno la Kiarabu bahr ndilo lililozaa neno la Kiswahili bahari, na Waarabu wa bonde la Nile wamelitumia kwa mito mikubwa pia. Waliotoa majina hayo hawakuwa wakizungumzia hali ya hewa. Hata hivyo, elimu ya miaka ya karibuni imeonyesha kwamba uhusiano kati ya mto huu na bahari ni mkubwa kuliko walivyoweza kufikiri.

Kwa karne nyingi mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki waliijua Bahari ya Hindi kwa pepo zake. Walijua kwamba kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na India, na kwamba kusi huyarudisha. Hiyo ilikuwa elimu ya kweli, iliyopatikana kwa uzoefu na kurithishwa kwa mdomo. Lakini elimu hiyo ilihusu uso wa bahari. Habari za joto la maji yaliyo chini, na jinsi joto hilo linavyotawala mvua za bara, hazikujulikana kwa sababu hapakuwa na taifa moja lenye uwezo wa kuipima bahari nzima.

Hapo ndipo ushirikiano ulipohitajika. Mwaka 1960 iliundwa chini ya UNESCO tume ya serikali mbalimbali ya elimu ya bahari, yenye makao yake Paris. Kati ya mwaka 1959 na 1965 mataifa zaidi ya 10 yalipeleka meli za uchunguzi zaidi ya 40 katika Bahari ya Hindi, nayo ilikuwa wakati huo mojawapo ya bahari zilizochunguzwa kwa uchache kabisa duniani. Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa miaka ya vita baridi, ambapo Marekani na Urusi ya Kisovieti hazikuwa zikiaminiana katika mambo mengi. Hata hivyo wataalamu wa pande zote mbili walishiriki katika kazi hiyo, kwa kuwa upepo na mikondo ya maji haitambui kambi za kisiasa.

Nchi za Afrika Mashariki nazo hazikukaa kando. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa Unguja mwishoni mwa miaka ya 1970, na Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye makao makuu Mombasa, mwaka 1979. Mwaka 1985 nchi za eneo hili zilitia sahihi Mkataba wa Nairobi wa kulinda mazingira ya bahari na pwani. Mwaka 1993 wataalamu wa magharibi ya Bahari ya Hindi waliunda chama chao, kinachojulikana kwa jina la WIOMSA, ambacho makao yake yako Zanzibar. Na Umoja wa Mataifa ukaitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa sayansi ya bahari, madhumuni yake yakiwa si kupima tu, bali pia kuwafahamisha watu wa kawaida kile kilichopimwa.

Je, kazi yote hiyo inamhusu nini mwananchi wa Jonglei? Jibu limo katika mambo yaliyotokea mwaka 1961.

Mwishoni mwa mwaka huo mvua za vuli zilinyesha Afrika Mashariki kwa wingi usio wa kawaida. Ziwa Victoria, ambalo kina chake kimekuwa kikipimwa Jinja tangu mwaka 1896, lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Maji yaliyozidi ziwani yalipita Jinja, yakapita Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, yakaingia Nimule, yakapita Juba na Bor, na hatimaye yakatandaa katika vinamasi vya Sudd. Vinamasi hivyo vilipanuka na kuwa zaidi ya mara mbili ya ukubwa wake wa awali. Malisho ya kiangazi, ambayo Wadinka huyaita toic, yalizama, na ng'ombe wengi wakafa. Wazee walioyaona maji hayo walijua yametoka kusini. Hakuna aliyewaambia, kwa maana hakuna aliyejua, kwamba chanzo chake kilikuwa mbali zaidi ya ziwa, nacho ni joto la Bahari ya Hindi.

Maelezo yalipatikana mwaka 1999, wakati wataalamu wa India na Japani, miongoni mwao N. H. Saji na Toshio Yamagata, walipotangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walionyesha kwamba Bahari ya Hindi ina tabia ya kuyumba kama mizani yenye sahani mbili. Katika mwaka wa kawaida, maji yenye joto zaidi hukaa upande wa mashariki, karibu na Indonesia. Lakini katika miaka fulani pepo za ikweta hubadilika. Maji ya baridi hupanda kutoka kilindini kwenye pwani ya Sumatra na Java, na maji ya joto hujikusanya upande wa magharibi, karibu na Afrika. Maji ya joto hutoa mvuke mwingi, mvuke huwa mawingu, na mawingu husukumwa bara. Basi Afrika Mashariki hupata mvua za kupita kiasi, huku Indonesia na Australia zikipata ukame. Mizani ikielemea upande wa pili, mambo hugeuka, na ukame huja Pembe ya Afrika. Wataalamu wanaiita hali hiyo daipoli ya Bahari ya Hindi, na mwaka 1961 ni mmojawapo wa miaka waliyoitaja.

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Elimu hii imeongeza neno moja juu ya usemi huo, kwamba dalili ya mawingu ni joto la bahari, na kwamba dalili hiyo yaweza kuonekana wiki nyingi kabla ya wingu la kwanza.

Mwaka 2019 mizani iliyumba tena, na kwa nguvu iliyo miongoni mwa kubwa kupata kupimwa. Australia iliungua kwa moto wa misitu. Katika Sudan Kusini mafuriko yaliwakumba watu wapatao 900,000. Pibor na Maban zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya, na mwishoni mwa Oktoba serikali ikatangaza hali ya hatari katika maeneo yaliyofurika. Wala maji hayakuishia hapo. Ziwa Victoria liliendelea kupanda, na Mei mwaka 2020 likapita kidogo kina cha mwaka 1964. Kama ilivyokuwa zamani, maji ya ziwa yalichukua miezi kadhaa kuteremka hadi Sudd, yakakuta ardhi ambayo bado haijakauka, na mvua mpya zikaongezeka juu yake. Ndiyo maana mafuriko yalirudi mwaka 2020, mwaka 2021 na mwaka 2022, hata mji wa Bentiu ukazungukwa na maji pande zote na kubaki ukilindwa na matuta ya udongo. Wahandisi wa kijeshi kutoka Pakistan, waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, UNMISS, walifanya kazi kubwa ya kuyajenga na kuyatunza matuta hayo. Hao ni askari waliopigana na adui asiyebeba bunduki, na ambaye safari yake ilianzia baharini.

Ili joto la bahari lijulikane mapema, lazima lipimwe. Kazi hiyo hufanywa na maboya yaliyotiwa nanga kwenye kilindi, na setilaiti, na vyombo vya kuelea vya mpango wa kimataifa uitwao Argo. Vyombo hivyo hukaribia 4,000 katika bahari zote za dunia. Kila kimoja huzama hadi mita 2,000, na kila baada ya siku 10 hivi hupanda juu, kikipima joto na chumvi njiani, kisha hupeleka habari zake kwa setilaiti. Habari hizo hazifichwi. Taifa lolote, kubwa au dogo, lenye pwani au lisilo na pwani, linaweza kuzipata bila malipo.

Hapa pana jambo ambalo watu wa usalama watalielewa upesi. Katika miaka ya 2008 hadi 2011, maharamia wa Somalia walitawala sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Wengi wanakumbuka meli iitwayo Faina, iliyotekwa Septemba mwaka 2008 ikiwa na vifaru 33, ikielekea Mombasa, na ambayo haikuachiliwa hadi Februari mwaka 2009 baada ya fidia kulipwa. Lakini wachache wanajua kwamba maharamia hao waliizuia sayansi pia. Meli za uchunguzi zilishindwa kwenda kuweka vyombo vya kupimia katika maji hayo hayo yanayoamua mvua za Afrika Mashariki. Pengo hilo liliwatia wasiwasi wataalamu, na mwaka 2011 majeshi ya wanamaji ya Australia na Marekani yakasaidia kuvipeleka vyombo hivyo. Mwalimu wa fizikia na mwanamaji walifanya kazi moja. Pasipo usalama hapana elimu, na pasipo elimu usalama wenyewe hutishwa na maafa yasiyotarajiwa.

Kupima, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kufikisha habari. Katika jambo hili Afrika Mashariki ilipata fundisho zito tarehe 26 Desemba mwaka 2004. Alfajiri ya siku hiyo, kwa saa za huku, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, na mawimbi ya tsunami yakaenea Bahari ya Hindi nzima, yakiua watu zaidi ya 220,000. Mawimbi hayo yalichukua takribani saa 7 kufika pwani ya Afrika. Saa 7 ni muda wa kutosha kumwondoa mtu ufukweni. Nchini Kenya habari zilifika kwa wakati. Watu waliondolewa fukweni, na aliyepoteza maisha alikuwa mmoja. Nchini Somalia, ambako hapakuwa na serikali yenye uwezo wa kutoa onyo, walikufa watu karibu 300. Ni kweli kwamba mawimbi yaliipiga Somalia kwa nguvu zaidi. Lakini ni kweli vilevile kwamba watu wa Somalia hawakuambiwa. Mwaka uliofuata nchi za Bahari ya Hindi zikakubaliana kuunda mfumo wa pamoja wa kutoa tahadhari, na mfumo huo unafanya kazi hadi leo.

Fundisho hilo linaihusu moja kwa moja nchi isiyo na pwani. Sudan Kusini ni mwanachama wa IGAD, na IGAD ina kituo chake cha utabiri wa hali ya hewa karibu na Nairobi, kijulikanacho kwa kifupi kama ICPAC. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua ili kulinganisha vipimo vya bahari na kutoa utabiri wa pamoja. Utabiri huo hupelekwa kwa idara za hali ya hewa za nchi wanachama. Kutoka hapo ndipo safari ngumu inapoanza. Vita vya miaka mingi viliharibu vituo vya kupimia mvua, barabara ni chache, na vijiji vingi haviwezi kufikiwa wakati wa masika. Katika sehemu nyingi za namna hiyo, mtu wa serikali aliye karibu na wananchi, mwenye redio ya mawasiliano na mwenye amri ya kutembea usiku, ni askari polisi au mwanajeshi. Yeye ndiye kiungo cha mwisho cha mnyororo ulioanzia katika chombo kinachoelea katikati ya bahari.

Ni muhimu basi kiungo hicho kielewe kile kinachokipitisha. Utabiri wa msimu hautamki kwamba mvua itanyesha Akobo siku fulani saa fulani. Hueleza uwezekano. Ukisema kwamba uwezekano wa mvua kupita kiasi cha kawaida ni asilimia 60, maana yake ni kwamba mambo yanaelemea huko, lakini bado yaweza kuwa vingine. Ofisa yeyote aliyewahi kupokea taarifa ya upelelezi anajua jinsi ya kuitumia habari ya aina hiyo. Haikatai kwa sababu haina uhakika wote, wala haichukui kama amri ya mwisho. Huitumia kuweka akiba mahali pa juu, kukagua mitumbwi, kuimarisha matuta, kujua wazee na wagonjwa wako wapi, na kusubiri taarifa inayofuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuzuia Mto Nile hujengwa kwa gharama kubwa mno maji yakishafika.

Njia ya pili na ya tatu ambazo bahari huingilia nchini, yaani bidhaa na fedha, hazihitaji maelezo marefu. Mafuta yasiyosafishwa ya Sudan Kusini hupita katika mabomba hadi Bahari ya Shamu, kwenye bandari za karibu na Port Sudan. Mwaka 2012 uchimbaji uliposimamishwa kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya njia, na tena mwaka 2024 bomba mojawapo lilipoharibika katika eneo la vita nchini Sudan, hazina ya serikali ilitikisika, na mishahara ya watumishi wa umma, askari wakiwamo, ilichelewa. Kadhalika unga, saruji, dawa na vipuri vinavyotoka ng'ambo hufika Mombasa kwa meli kabla ya kupanda malori kuelekea Nimule. Mwaka 2012 ujenzi wa mpango wa bandari ya Lamu ulizinduliwa, Sudan Kusini ikiwa mshirika, na gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Lakini barabara na mabomba ya kufikia Juba bado ni matarajio.

Haki ya nchi isiyo na pwani kufika baharini si hisani ya jirani. Imeandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliokubaliwa mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1994. Sehemu ya Kumi ya mkataba huo inazipa nchi hizo haki ya kupita kwenda na kutoka baharini, kwa masharti yatakayoafikiwa na nchi zinazopitiwa; na mkataba unasema wazi kwamba kila taifa, hata lisilo na pwani, lina haki ya kupeperusha bendera yake katika meli. Waafrika Mashariki walitoa mchango wao katika kuunda sheria hiyo. Mkenya Frank Njenga alikuwa wa mbele kutetea wazo la eneo maalumu la kiuchumi la baharini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Mtanzania Joseph Warioba alikuja kuwa jaji katika mahakama ya kimataifa ya sheria ya bahari mwaka 1996.

Lakini haki iliyoandikwa Montego Bay hutekelezwa au kuvunjwa barabarani. Lori linalotoka Mombasa likisimamishwa katika vizuizi visivyo halali, na dereva akidaiwa fedha pasipo stakabadhi, njia ya kwenda baharini inakuwa ndefu zaidi kwa kila kizuizi, na gharama yake humwangukia mama anayenunua unga sokoni Konyo Konyo, ambaye huenda ni mke wa askari huyo huyo. Kinyume chake, polisi anayelinda barabara ya Nimule kwa uaminifu anailetea Juba bandari karibu, bila kuhamisha hata jiwe moja.

Mataifa yataendelea kukutana kuzungumzia bahari, na redio itaendelea kutangaza mikutano hiyo. Wanapozungumzia joto la maji, wanazungumzia mvua ya Pibor. Wanapozungumzia uharamia, wanazungumzia bei ya saruji Juba. Wanapozungumzia kuwaelimisha watu, wanamzungumzia ofisa wa kituo cha mbali ambaye msimu ujao atapokea karatasi ya utabiri mezani pake. Ofisa huyo akiiweka karatasi hiyo katika faili bila kuisoma, kazi ya meli, maboya na wataalamu wa mataifa mengi itakuwa imekwenda bure mahali pale. Akiisoma, akawaita machifu, na akawaeleza kwa lugha wanayoijua kabla maji hayajapanda, basi nchi isiyo na pwani itakuwa imepata sehemu yake ya bahari.